Macho Makubwa Yanayokimbia Mwanga: Tusimcheleweshe Mtoto Mchanga Tiba ya Presha ya Macho

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemneemesha mwanadamu kwa neema ya kuona. Rehma na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumza na wazazi, na hasa akina mama na mabibi ambao ndio wanaokaa karibu na watoto wachanga. Tunataka kuzungumzia maradhi ambayo wengi wetu hatuyajui kwa jina, lakini huenda tumeyaona na tukayasifu. Tunasema tukayasifu kwa sababu mojawapo ya dalili zake ni mtoto kuwa na macho makubwa kuliko kawaida, na sote tunajua namna mtoto wa macho makubwa anavyopendwa na kutungiwa majina mazuri.

Maradhi haya ni presha ya macho ya kuzaliwa nayo, ambayo madaktari huiita glakoma. Wengi tumezoea kuisikia presha ya macho kwa wazee, na ndiyo maana ikimpata mtoto wa miezi mitatu hakuna anayeifikiria. Nayo haingoji. Ikiachwa hupofua, ikiwahiwa kwa upasuaji, watoto wengi hubaki na macho ya kuwafikisha skuli, madrasa na katika shughuli zao za utu uzima. Baina ya hali hizo mbili mara nyingi kilichopo ni wiki chache za kuchelewa nyumbani.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa nyumba ambayo si ya mtu fulani, bali inafanana na nyumba nyingi za pwani yetu. Amezaliwa mtoto wa kiume. Ameadhiniwa sikioni, siku ya saba amefanyiwa akika na kupewa jina, na mama yake yuko ndani anamaliza arobaini. Chumba kina pazia zito, dirisha limefungwa ili upepo usiingie, na taa huwashwa usiku tu. Mtoto ananyonya vizuri na analala. Bibi yake humtazama akasema, "Mashaallah, mjukuu wangu ana macho kama ya paa."

Arobaini inatimia. Mtoto anatolewa uani mara ya kwanza, naye anafumba macho kwa nguvu, anageuza uso na kuuficha kifuani mwa mama, na machozi yanamtiririka bila ya yeye kulia. Waliopo wanasema hajazoea jua. Jioni mama anamkamulia maziwa machoni kama alivyofundishwa na wakubwa wake. Wiki mbili baadaye machozi bado yapo. Kwenye zahanati anapewa dawa ya kupaka ya macho mekundu, na anaambiwa kuwa mfereji wa machozi umeziba, utazibuka wenyewe.

Mwezi wa nne jicho moja linaanza kuwa na ukungu wa rangi ya samawati, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mama anataka kwenda hospitali kubwa. Anaambiwa angoje, baba yuko Muscat kikazi na atarudi baada ya Idi. Jambo la kisu haliamuliwi na mwanamke peke yake. Baba anarudi, mtoto anapelekwa, na daktari bingwa anamwona akiwa na miezi saba.

Katika nyumba hii hakuna aliyemtakia mtoto mabaya. Bibi alimpenda, mama alimhangaikia, na mhudumu wa zahanati alifuata linalotokea kwa watoto wengi. Hata hivyo miezi mitano imepita tangu siku ile uani, na kila siku ya miezi hiyo macho ya mtoto yalikuwa yakiharibika kidogo kidogo. Tunasimulia haya si kwa kumlaumu mtu, bali ili nyumba itakayofuata ijue pa kuharakisha.

MARADHI YENYEWE NI YAPI?

Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, kuna maji safi ambayo hutengenezwa mfululizo usiku na mchana. Maji haya si machozi. Machozi huosha jicho kwa nje, ilhali maji tunayoyasema hulisha jicho kwa ndani na kulifanya libaki na umbo lake. Baada ya kufanya kazi yake hutoka kupitia tishu iliyo mfano wa chujio, iliyoko kwenye pembe ambapo kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, hukutana na ile sehemu yenye rangi. Nyuma ya chujio hilo kuna mfereji mwembamba unaoitwa mfereji wa Schlemm, na kutoka hapo maji huingia katika damu.

Kwa mtoto mwenye maradhi haya, chujio hilo halikukamilika kuumbika alipokuwa tumboni. Maji yanaendelea kutengenezwa lakini njia ya kutokea ni finyu, hivyo presha ndani ya jicho hupanda. Jicho la mtu mzima ni gumu na halitanuki. Jicho la mtoto, hasa chini ya miaka 3, bado ni laini. Likisukumwa kwa ndani hutanuka mfano wa puto. Hapa ndipo ule ukubwa tunaousifu unapotokea.

Mtoto anapozaliwa, upana wa konea yake huwa takriban milimita 10. Ikipita milimita 12 kabla hajatimiza mwaka, daktari hushuku presha ya macho. Konea inapovutwa hivyo, utando wake wa ndani huchanika, maji hupenya, na hapo ndipo ukungu hutokea. Konea iliyovimba huumizwa na mwanga, ndiyo maana mtoto hufumba macho na kutoka machozi. Wakati huo huo, nyuma ya jicho, presha hubana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zaidi ya milioni 1, na uzi uliokufa haufufuki kwa dawa wala kwa kisu.

Maradhi haya hutokea mara nyingi zaidi kwa watoto wa kiume kuliko wa kike. Katika watoto wengi, takriban watatu kati ya wanne, hupata macho yote mawili, ingawa jicho moja laweza kutangulia. Kwa wengi dalili huonekana kabla hawajatimiza mwaka mmoja.

DALILI ZA KUZINGATIA

Madaktari wanataja dalili tatu zinazokwenda pamoja: mtoto kutoka machozi bila ya kulia, kukimbia mwanga, na kukaza kope kana kwamba hataki kufungua macho. Juu ya hizo kuna macho kuwa makubwa kupita kiasi, au jicho moja kuwa kubwa kuliko jingine, na sehemu nyeusi ya jicho kupoteza ung'avu wake ikawa na ukungu.

Hapa tuna neno na akina mama walio katika arobaini. Mila ya kumhifadhi mzazi na mwanawe ina hekima yake na hatuipingi. Lakini mtoto anayekaa siku 40 katika chumba chenye giza hana nafasi ya kuonyesha kwamba mwanga unamuumiza. Basi kila siku chache, mama afungue pazia asubuhi, amgeuze mtoto upande wa dirisha, si kwenye jua kali, amtazame. Mtoto mwenye afya huenda akapepesa macho kidogo kisha akatazama. Anayeumizwa na mwanga atakaza macho na kujificha kila mara.

Ni kweli kwamba kuziba kwa mfereji wa machozi ni jambo la kawaida kwa watoto wachanga, na mara nyingi huzibuka kabla ya mwaka. Tofauti yake ni kuwa mtoto wa aina hiyo hutoka machozi na tongotongo, lakini hakimbii mwanga, macho yake si makubwa na konea yake inang'aa. Macho yaliyopata wadudu wakati wa kuzaliwa huwa mekundu, yamevimba na yana usaha, nayo pia yanahitaji tiba ya haraka. Weupe unaoonekana ndani ya mboni waweza kuwa mtoto wa jicho, au hata uvimbe wa saratani. Mzazi hatakiwi kuzipambanua hali hizi mwenyewe. Anachotakiwa ni kutokubali kurudishwa nyumbani na dawa ya kupaka ikiwa mwanawe anakimbia mwanga au macho yake yana ukungu. Aombe barua ya kumwona daktari bingwa wa macho.

Tuseme pia waziwazi kwamba maziwa ya mama hayashushi presha ya jicho, wala wanja, wala maji ya majani. Wanja una hatari ya ziada, kwani baadhi ya aina zake zina madini ya risasi ambayo ni sumu kwa mtoto. Dawa za matone zinazouzwa madukani zikiwa na steroidi zaweza kuipandisha presha hiyo hiyo tunayoikimbia. Na asije mtu akamtilia mtoto mchanga dawa ya presha ya macho ya babu yake. Miongoni mwa dawa hizo ipo iitwayo brimonidine, ambayo kwa mtoto mdogo yaweza kumlegeza hadi pumzi ikasimama.

KABLA YA TIBA KUPATIKANA

Umma wetu una historia ndefu katika elimu ya macho. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, alieleza jinsi mwanga unavyoingia machoni katika kitabu chake Kitab al-Manazir. Katika zama zake, Ammar ibn Ali wa Mosul alifanya kazi nchini Misri na alieleza namna ya kuunyonya mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Lakini hata mabingwa hao hawakuwa na njia ya kumwokoa mtoto mchanga aliyezaliwa na presha ya macho. Karne kwa karne watoto hawa walikuwa wakipofuka.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa Otto Barkan, daktari wa macho wa San Francisco, Marekani. Katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 alionyesha kwamba, kwa kuweka lenzi maalumu juu ya jicho la mtoto, daktari anaweza kuiona ile pembe ya kutolea maji na kuikata kwa kisu chembamba huku akiitazama. Upasuaji huo unaitwa goniotomi. Mwaka 1960 madaktari wawili, Redmond Smith wa London na Hermann Burian wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walieleza upasuaji mwingine unaoitwa trabekulotomi. Tangu hapo upofu wa watoto hawa umekuwa jambo ambalo mara nyingi lingeweza kuzuiwa.

UPASUAJI UNAVYOFANYWA

Kwa presha ya macho ya wazee, kwa kawaida tiba huanza na matone. Kwa mtoto aliyezaliwa nayo, tiba yenyewe ni upasuaji, na matone hutumika kushusha presha kwa muda huku akingoja zamu, au kusaidia baadaye. Sababu yake ni kuwa kasoro iko kwenye njia ya kutolea maji, na njia haizibuliwi kwa matone.

Kwanza mtoto hupewa dawa ya usingizi, ile tuliyozoea kuiita nusu kaputi, kwa kuwa hakuna njia ya kumpima vizuri mtoto mchanga akiwa macho. Katika usingizi huo daktari hupima presha, hupima upana wa konea, na hutazama mshipa wa fahamu nyuma ya jicho. Maradhi yakithibitika, mara nyingi upasuaji hufanywa papo hapo katika usingizi uleule.

Ikiwa konea bado inaonyesha vizuri, daktari anaweza kufanya goniotomi. Huingiza kisu chembamba kando ya konea, hukipitisha mbele ya jicho hadi upande wa pili, kisha hukata juujuu ile tishu iliyoziba, takriban theluthi moja ya mzunguko. Ikihitajika hurudiwa siku nyingine upande uliobaki. Ikiwa konea ina ukungu, daktari haioni pembe, hivyo hufanya trabekulotomi. Hufungua kifuniko kidogo kwenye sehemu nyeupe ya jicho, huutafuta mfereji wa Schlemm kwa nje, hupitisha ndani yake chuma chembamba au uzi, na kuufungua kuelekea ndani ya jicho. Kwa jicho lililoathirika zaidi huongezwa upasuaji wa kutengeneza njia mpya ya maji kutokea chini ya utando mweupe. Na yote hayo yakishindwa, kuna kifaa kidogo chenye mrija kinachowekwa kupitisha maji. Kimojawapo, kilichoanza kutumika miaka ya 1990, kina jina la mbunifu wake, Mateen Ahmed.

Kama upasuaji wowote, huu nao una hatari zake. Damu kidogo yaweza kuonekana ndani ya jicho, na mara nyingi husafika yenyewe kwa siku chache. Wadudu kuingia jichoni ni jambo la nadra lakini zito, ndiyo maana matone ya baada ya upasuaji hayarukwi hata mara moja.

KUWAHI NDIKO KUNAKOAMUA

Wazazi huuliza: je, tukikubali, mtoto ataona? Jibu la kweli hutegemea mambo mawili, ukali wa maradhi na siku aliyoletwa. Watoto ambao dalili zao huanza baina ya miezi 3 na mwaka mmoja ndio wenye matumaini makubwa zaidi. Katika hospitali zenye uzoefu, takriban 8 kati ya 10 wa kundi hili presha yao hushuka kwa goniotomi au trabekulotomi, wengine baada ya kurudiwa. Waliozaliwa macho yakiwa tayari na ukungu kazi yao ni ngumu zaidi, nao ndio wanaohitaji kuharakishwa kuliko wote.

Ushahidi mkubwa umetoka Riyadh, katika Hospitali ya Macho ya Mfalme Khaled. Mwaka 2005 madaktari wake walichapisha matokeo ya macho 820 ya watoto 532 waliofanyiwa upasuaji kati ya mwaka 1982 na 2002. Walichokiona ni kwamba macho yaliyokuwa na maradhi mepesi mengi yalitengemaa kwa upasuaji wa kawaida, lakini yaliyokuwa na maradhi ya kati au makali yalihitaji upasuaji wa pamoja, na kwa hayo goniotomi peke yake mara nyingi haikutosha. Maana yake kwa mzazi ni nyepesi kuielewa: kila mwezi unaopita, kisu kinachohitajika huwa kikubwa na matumaini huwa madogo.

Kwetu Afrika Mashariki upasuaji huu si ngeni. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya goniotomi kwa watoto waliotibiwa Dar es Salaam katika hospitali ya CCBRT. Tiba ya macho ya watoto hutolewa pia KCMC huko Moshi, na Kikuyu nchini Kenya. Tatizo kubwa la kwetu ni kuwa watoto wengi huletwa wakiwa wamechelewa, konea zao zimeshaingia ukungu na mshipa wa fahamu umeshaumia. Mtoto wa namna hiyo bado hufanyiwa upasuaji, kwani chembe ya mwanga iliyobaki nayo ni neema, lakini kilichopotea hakirudi.

HOFU ZINAZOTURUDISHA NYUMA

Hofu ya kwanza ni nusu kaputi. Hatuwezi kumwambia mzazi kuwa haina hatari kabisa. Tunamwambia kuwa katika hospitali yenye wataalamu wa usingizi wa watoto hatari hiyo ni ndogo, na upofu wa mtoto asiyetibiwa ni jambo la karibu na yakini. Mzazi ana sehemu yake ya kupunguza hatari hiyo. Ataambiwa amwachishe mtoto kunyonya kwa saa kadhaa kabla ya upasuaji, kwa kawaida saa 4 kwa maziwa ya mama. Mama asione huruma akamnyonyesha kwa siri. Tumbo likiwa na maziwa, yaweza kupanda wakati wa usingizi na kuingia mapafuni.

Hofu ya pili ni ya ruhusa. Tunawaheshimu akina baba, na kushauriana ni katika adabu za nyumba ya Kiislamu. Lakini baba aliye safarini anapigiwa simu siku hiyo hiyo, na ruhusa yake huja kwa dakika moja. Mama naye ni mzazi, na kwa kawaida hospitali hupokea saini yake. Hakuna haja ya jicho la mtoto kungoja ndege.

Hofu ya tatu ni ya fedha. Tumeona nyumba zikikopa kwa ajili ya shughuli ya arobaini ilhali nauli ya hospitali haijapatikana. Karamu yaweza kusubiri mwaka mzima bila ya kuharibika kitu. Na pale ambapo uwezo haupo kabisa, hili ni jambo la jamaa, la majirani na la msikiti. Familia masikini ni miongoni mwa wanaostahiki zaka, na imamu akilitangaza baada ya swala ya Ijumaa hatakosa watu wa kulibeba.

Wapo wanaosema kuwa kumtegemea Mwenyezi Mungu ni kuacha yaliyoandikwa yatimie. Hayo siyo mafundisho tuliyoachiwa. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu kujitibu aliamrisha watu wajitibu, na akafundisha kwamba maradhi yameteremshwa pamoja na dawa yake. Mzazi afanye sababu, kisha atawakali, na dua yake imsindikize mtoto hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

SUALA LA DAMU MOJA

Sasa tuingie katika jambo linalohitaji upole. Maradhi haya kwa kiasi kikubwa ni ya kurithi. Mwaka 1997 watafiti Ivaylo Stoilov, Nurten Akarsu na Mansoor Sarfarazi, wakichunguza familia za Kituruki, walitambua kwamba kasoro katika chembe ya urithi iitwayo CYP1B1 ndiyo inayoyasababisha katika familia hizo. Baadaye kasoro za chembe hiyo zilionekana pia katika familia nyingi za Saudi Arabia. Kwa kawaida mtoto huugua pale anapopokea kasoro moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mzazi mwenye kasoro moja tu haumwi wala hajijui.

Watu wawili wa ukoo mmoja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba kasoro ileile. Ndiyo maana katika jamii zinazooana kwa ndugu maradhi huonekana zaidi. Nchini Saudi Arabia imekadiriwa mtoto 1 kwa kila 2,500 wanaozaliwa, ilhali Uingereza ni takriban 1 kwa 18,500. Na huko huko Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwakuta watoto wenye asili ya Pakistan wakipatwa takriban mara 9 zaidi ya wazungu.

Je, tuseme kuoana mabinamu ni kosa? La. Sheria yetu imeiruhusu ndoa hiyo, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimwoa Zaynab bint Jahsh, binti wa shangazi yake. Lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Imamu Ghazali katika Ihya alitaja kuwa ni vyema mke asiwe wa ujamaa wa karibu sana. Basi ukoo ambao umeshapata mtoto mwenye maradhi haya una haki ya kulitazama jambo hilo kabla ya kuposa tena ndani ya ukoo uleule. Na tukumbuke kuwa wapo watoto wengi wenye maradhi haya ambao wazazi wao hawana udugu wowote.

Kutokana na elimu hii tunapata mambo mawili ya kufuata. La kwanza, wazazi waliopata mtoto mmoja wa namna hii wajue kuwa katika kila mimba inayofuata uwezekano ni 1 kati ya 4, hivyo kila mdogo wake akaguliwe macho tangu siku za mwanzo, bila ya kungoja dalili. La pili, na hili tunalisema kwa msisitizo, mama asitupiwe lawama. Tumesikia wanawake wakirudishwa kwao kwa kuambiwa wameleta upofu katika nyumba ya watu, au kwamba walitazama kitu kibaya walipokuwa wajawazito. Ni dhulma. Kwa kawaida kasoro imetoka pande zote mbili, na haikuchaguliwa na yeyote.

BAADA YA UPASUAJI

Wengi hudhani kuwa jicho likishapasuliwa safari imekwisha. Kwa mtoto huyu safari ndiyo kwanza inaanza. Atarudi kupimwa katika usingizi wa dawa mara kadhaa katika miaka ya mwanzo, na atapimwa presha ya macho maisha yake yote, kwani yaweza kupanda tena hata baada ya miaka. Jicho lililotanuka huwa haliondokani na haja ya miwani. Na ikiwa jicho moja limeathirika zaidi, ubongo hulipuuza likawa jicho vivu. Dawa yake ni miwani na kulifunika jicho zima kwa saa maalumu kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi. Mtoto atalia, atakivua kifuniko, na mama atakirudisha. Hii nayo ni sehemu ya tiba, tena bila ya hiyo upasuaji mzuri waweza kupotea bure.

Na ikiwa pamoja na juhudi zote mtoto atabaki na uoni hafifu au bila ya uoni, asifichwe chumbani. Abdallah ibn Umm Maktum alikuwa kipofu, na kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo za Sura ya Abasa. Alikuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.), na aliachiwa usimamizi wa Madina Mtume alipokuwa safarini. Mtoto asiyeona ana haki ya skuli, ya Kur'ani na ya heshima kama ndugu zake.

Lakini haki yake ya kwanza ni sisi kufanya kila tuwezalo asifikie huko. Leo utakaporudi kutoka msikitini, ukipita nyumba yenye mtoto mchanga, waulize watu wa nyumba hiyo kama mtoto anautazama mwanga. Na ukisikia kwamba anaukimbia, usiwaambie hajazoea jua. Wasaidie wapate usafiri wa Jumatatu asubuhi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, awape subira wazazi wao, na awabariki madaktari wanaowahudumia. Wabillahi tawfiq.